Bahasha ya Kaki na Mume Aliye Ng'ambo

Jumapili mbili zilizopita nilikuwa kibarazani nikichambua mchele, alipobisha hodi binti wa jirani yetu wa zamani wa Magomeni. "Shikamoo dada," alisema, nami nikamwitikia na kumsogezea kigoda. Kwapani alikuwa amebana bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Aliiweka mapajani, akaipapasa kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto mgonjwa, kisha akaniambia, "Ndoa yangu yote imo humu, dada, na bado wamesema haitoshi."

Binti huyu ni fundi cherehani. Mumewe ni dereva wa basi katika mji wa Leicester, Uingereza. Ni mzaliwa wa Tanga aliyekwisha kuchukua uraia wa huko. Walioana mwaka 2022, kwa posa, kwa mahari, na kwa pilau iliyoliwa na mtaa mzima. Mwaka 2024 waliomba ruhusa ili mke akaishi na mumewe. Ombi likakataliwa, ada ya pauni 1,846 ikapotea, na mtoto wao wa kike, ambaye sasa anakimbia, bado anamjua baba yake kama sauti itokayo katika simu. Mama yake alinieleza kwamba siku moja mtoto huyo aliichukua simu iliyozimwa, akaanza kuilisha uji.

Nami si mtu wa kando katika jambo hili. Alipokuja kuniuliza mara ya kwanza, nilimjibu kwa ujuvi wa watu wa magazeti: "Cheti cha ndoa unacho, watataka nini tena?" Jibu hilo lilikuwa jepesi mno, na gharama yake wameilipa wao. Tangu hapo nimezisoma kanuni zile kwa makini, na leo nataka nikueleze niliyoyaona, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye bahasha ya namna hii chini ya godoro. Nitasema habari za Uingereza tu. Wewe ambaye mwenzi wako yuko Ujerumani au Marekani, fahamu kwamba huko kuna masharti mengine.

Yakupasa kwanza umfahamu msomaji wa bahasha yako. Ni afisa aketiye mbali, ambaye hakuwapo siku ya posa, hamjui mshenga wenu, wala hakusikia vigelegele. Kwetu sisi ndoa huthibitishwa na watu. Ukimwuliza mzee wa mtaa kama fulani ni mke wa fulani, atakuambia hata rangi ya kanga alizovaa siku ile. Kwa afisa huyu lisiloandikwa halikutokea, na lililoandikwa bila tarehe ni kama halikutokea. Baadhi ya watu hukasirika wakisikia hivyo, wakaona ni dharau. Mimi naona ni afadhali hasira hiyo tuiweke kando, tuchukue karatasi tuanze kupanga.

Hata hivyo, kabla hujapanga chochote, mwulize mwenzi wako swali moja: anaishi huko kwa ruhusa gani? Njia ninayoieleza, ambayo masharti yake yamo katika Kiambatisho FM cha Kanuni za Uhamiaji kilichoanza kutumika Julai 9, 2012, ni ya mwenzi wa raia wa Uingereza, au wa mtu aliyepewa ukaaji wa kudumu, au wa mkimbizi aliyekubaliwa, pamoja na makundi mengine machache. Aliye huko kwa viza ya kazi anafuata kanuni nyingine kabisa. Na aliyekwenda kutunza wazee na wagonjwa kwa viza aliyoomba kuanzia Machi 11, 2024 haruhusiwi kwa viza hiyo kumchukua mke, mume wala mtoto. Wapo wanawake wanaoshona nguo za safari kwa ahadi ya waume wa kundi hili. Waulizeni mapema, jamani.

Kuhusu mtoto wa binti wa Magomeni, hapa palikuwa na habari njema ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Baba yake alipata uraia kwa tajnisi kabla mtoto hajazaliwa, na wazazi wameoana. Kwa sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, mtoto huyo ni Mwingereza tangu siku aliyozaliwa. Haombewi viza, huombewa pasipoti, kwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa, cha ndoa ya wazazi, na hati ya uraia wa baba. Walikuwa wamekwisha kuanza kudunduliza fedha za kumlipia viza! Lakini angalia: baba aliyeupata uraia huo kwa kurithi tu, yeye akiwa amezaliwa nje ya Uingereza, kwa kawaida hampitishii mwanawe aliyezaliwa nje namna hiyo hiyo.

Sasa tuifungue bahasha. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa cheti cha ndoa, kile alichotoa shehe aliyewafungisha. Ni cheti halali, ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa isajiliwe, na kumbukumbu za usajili huo ziko kwa Wakala wa Usajili, yaani RITA. Nenda ukahakikishe kwamba ndoa yako imo, iwe ilifungwa msikitini, kanisani au bomani. Usingoje hadi juma la kuomba viza ndipo ugundue kwamba kitabu cha mfungishaji ndoa hakikuwahi kutoka kabatini mwake. Na ikiwa mmoja wenu alikwisha kuoa au kuolewa kabla, itatakiwa hati ionyeshayo kwamba ndoa ile imekwisha. Talaka iliyoandikwa juu ya ukurasa wa daftari, hata kama wazee wote waliiona, haitamtosheleza afisa; kwa Tanzania Bara sheria yenyewe inataka ndoa ivunjwe kwa amri ya mahakama, baada ya shauri kupita katika baraza la usuluhishi. Kupata amri hiyo huchukua muda. Nimemwona mtu mwenye kila kitu akikwama mwaka mzima kwa karatasi hii moja, ya mke aliyeachana naye wakati angali kijana.

Chini ya cheti cha ndoa palikuwa na ugonjwa wetu wa siku zote: majina. Katika cheti cha kuzaliwa binti huyu ni Mwanaidi, katika pasipoti ni Mwanaid, na katika cheti cha ndoa shehe alimwandika Mwanahidi. Mumewe ana majina matatu katika cheti cha ndoa na mawili katika pasipoti yake ya Uingereza. Kwetu hakuna anayeshtuka, maana sote twajua ni mtu yule yule. Lakini mtu asiyetujua anahesabu watu wanne au watano katika ndoa ya watu wawili. Dawa bora ni kusahihisha penye chimbuko, cheti cha kuzaliwa RITA na pasipoti Uhamiaji. Pale isipowezekana, apa mbele ya wakili kwa hati ya kiapo ieleweshayo kwamba majina hayo yote ni yako. Na katika fomu andika jina kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri yenye jina kamili la mfasiri, sahihi yake, tarehe, anwani yake, na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hufanya kazi hiyo. Usimpe mpwa wako anayesoma sekondari, hata kama Kiingereza chake kinawapendeza wageni.

Tuliendelea kuchimba, tukafika mahali ambapo yeye mwenyewe alitazama chini. Kanuni zinataka ithibitike kwamba ndoa ni ya kweli na inaendelea, na kwamba mke na mume wamekwisha kuonana ana kwa ana. Yeye alikuwa na picha nane za arusi, basi. "Na barua zenu? Na ujumbe wa simu?" nilimwuliza. Akaniambia kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa akifuta kila kitu, kwanza kwa kuwa simu hujaa, na pili kwa kuwa anaishi na mama mkwe, na simu ile huzunguka nyumba nzima. "Nitamwachiaje mama asome anayoniandikia mwanawe?"

Ndugu msomaji, hapa lipo jambo la kufikiri. Sisi tumelelewa kwamba mambo ya mke na mume husitiriwa. Mtu mwenye adabu haoneshi mapenzi barabarani, sembuse kuyapeleka ofisini yakapigwe mhuri. Sasa anakuja afisa na kusema: nionyeshe. Binti huyu aliona kama kwamba anavuliwa nguo, na sikumlaumu. Lakini nilipozisoma kanuni tena nilimwambia kitu kilichompa nafuu, nawe nakuambia. Hakuna mahali panapokutaka utoe maneno ya faragha wala picha za chumbani. Kinachotafutwa ni alama za maisha ya pamoja zilizotawanyika katika muda: kwamba mwezi huu mliwasiliana, na mwezi ule, na ule mwingine. Orodha ya simu zilizopigwa yaonyesha tarehe na dakika bila kufichua neno hata moja. Ujumbe wa "nimetuma ya ada ya kliniki, imefika?" una thamani kuliko mashairi, kwa sababu ukiulinganisha na stakabadhi ya fedha zilizotumwa siku hiyo hiyo, viwili hivyo vinashuhudiana.

Basi tukaanza upya. Mume alitoa nakala za fedha alizotuma kila mwezi tangu 2022. Kumbe kampuni ya kutuma fedha ilikuwa inazihifadhi zote. Alikuja mara mbili, na mihuri ya Uhamiaji imo katika pasipoti yake. Tiketi ya ndege moja ilipatikana ndani ya Msahafu, ambamo mama mkwe aliiweka kama kumbukumbu. Kliniki ya wajawazito ina kadi yenye jina la baba. Zipo picha za siku ya akika, baba ameketi kati ya wazee. Kila picha tuliiandikia mahali, tarehe na majina ya waliomo. Tulichagua ujumbe mmoja au miwili kwa kila mwezi, tukaacha mwingine wote. Wako wanaopeleka kurasa mia tano wakidhani wingi ni ushahidi. Mimi naamini wingi huo humchosha msomaji, na aliyechoka hasomi vizuri. Mama mkwe naye, alipoelezwa, aliomba aandike barua. Aliandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, jinsi alivyokwenda kuposa. Tuliipeleka itafsiriwe.

Lakini si mapenzi yaliyolikwamisha ombi la kwanza, bali fedha, au tuseme karatasi za fedha. Tangu Aprili 11, 2024 waombaji wapya hutakiwa waonyeshe kwamba mwenzi aliye Uingereza ana kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, kilikuwa 18,600. Sitaficha maoni yangu: hicho ni kipimo kigumu kwa mtu wa jasho, na kinatenganisha nyumba ambazo hazina kosa lolote. Mshahara wa mwombaji aliye huku hauhesabiwi. Unaweza kuwa muuguzi au mwalimu mwenye miaka kumi kazini, kwao ni sifuri. Kiwanja cha Kigamboni nacho si fedha mpaka kiuzwe. Akiba inahesabiwa, ya mume au ya mke, lakini kwa asiye na kipato kabisa inafika pauni 88,500, nayo iwe imekaa mikononi mwenu miezi 6. Fedha za kukopa hazikubaliwi. Wapo watu ambao hawatakiwi kufikisha kiwango hiki, hasa mwenye kulipwa posho fulani za ulemavu au za kumtunza mlemavu, na hao wasome sehemu yao kwa makini.

Dereva wetu alikuwa na kipato cha kutosha, ziada ya saa za usiku ikijumlishwa. Afanyaye kazi kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi hutoa hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi ile ile, na barua ya mwajiri itajayo kazi yake, mshahara wake, tangu lini yuko na kwa mkataba gani. (Aliyebadili kazi karibuni hutakiwa kuonyesha mapato ya miezi 12.) Hati za mshahara alitoa sita. Taarifa za benki alitoa za miezi mitano, kwa sababu katikati alihamia benki nyingine, na ile akaunti ya zamani aliiona haina maana tena. Kumbe mshahara mmoja uliingia huko. Kila mshahara ulio katika hati lazima uonekane ukiingia benki. Afisa anayo hiari ya kuiomba karatasi iliyokosekana, lakini halazimiki, na safari hii hakuomba. Karatasi moja, ndugu msomaji! Mtu huyo aliendesha basi usiku wa baridi miezi sita, na mwezi mmoja katika hiyo ukahesabiwa kama kwamba alikuwa amelala.

Upo na mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Karatasi hizo za mapato hazitakiwi kuwa zimepitwa na zaidi ya siku 28 kufikia siku ya kuomba. Kwa hiyo bahasha hii haihifadhiki kama hati ya nyumba. Inachacha kama maziwa. Ukikawia kwa sababu ya cheti kingine, hati za mshahara zitakuwa zimezeeka, na itabidi umwambie mumeo aanze kuzikusanya tena.

Yaliyobaki yana taabu ndogo. Mtihani wa Kiingereza, kusikiliza na kuzungumza tu, ni wa daraja la A1 ambalo ni la chini kabisa, na ufanywe kwa mtahini anayetambuliwa na serikali yao. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kitoke katika kituo walichokiidhinisha. Kinadumu miezi 6, hivyo binti wa Magomeni ilimbidi apimwe tena. Barua ya mwenye nyumba ieleze idadi ya vyumba na wakaao. Ada ya ombi ilipandishwa Aprili 2025 ikawa pauni 1,938, na kwa kuwa ina desturi ya kupanda, soma kiwango cha siku unayolipa. Juu yake kuna malipo ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, ambayo kwa ruhusa ya kwanza ya miezi 33 hufika 3,105. Ombi likikataliwa hayo ya matibabu hurudishwa. Ada hairudi.

Kishoka mmoja wa mjini alimwambia kwamba angeweza "kumtengenezea" ile taarifa ya benki ya mwezi uliokosekana, kwa shilingi laki tatu. Nilimwuliza kama alikubali; akasema alikuwa karibu. Nilisikia baridi. Karatasi iliyokosekana inakukosesha ada. Karatasi ya kughushi inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, ndivyo kanuni zinavyosema, hata kama ndoa yako ni ya kweli kama jua. Tena karatasi yenyewe ilikuwapo! Mume alikwenda benki ile ya zamani, akaiomba, akapewa.

Jumapili iliyopita alirudi. Safari hii bahasha ilikuwa mpya, na kila fungu lilikuwa na karatasi ya mbele iliyoandikwa lina nini. Tulitandika mkeka, tukazipanga sakafuni kwa tarehe, mtoto akizunguka pembeni tukimzuia asizikanyage. Miezi sita ya mshahara, miezi sita ya benki, tukaweka kidole juu ya kila malipo huku na huku. Majina tuliyasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Ilipofika saa kumi hapakuwa na pengo tuliloliona.

Nilitia chai. Alipokuwa akipuliza kikombe, jicho langu likaangukia tarehe ya mwisho katika taarifa ya benki, nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Zilikuwa zimepita siku 26. Nilimwonyesha. Alikiweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akamfunga mtoto mgongoni, akakimbilia steshenari ya barabarani kabla haijafungwa, ili zikaskaniwe zote na kupelekwa usiku ule ule.